Sanduku la Biri za Bosi

Jumamosi, 2 Machi

Baba amestaafu rasmi leo. Miaka yote ile ya kumwendesha Bosi, na alichorudi nacho nyumbani ni pakiti ya biri! Biri — yale masigara manene ya kahawia, kama vidole vya maiti. Zimefungwa utepe mwekundu. Baba alizilaza mezani polepole, kama mtu anayelaza mtoto mchanga. Mama akauliza, na zawadi yenyewe iko wapi? Baba akajifanya hakusikia.

Na Baba hajawahi kuvuta hata sigara moja maishani mwake. Hapo ndipo ninapowaka. Bosi ndiye aliyekuwa akivuta, kiti cha nyuma, vioo vimepandishwa, kiyoyozi kinanguruma. Jioni Mama alikuwa analianika shati la Baba nje kwanza, lipigwe upepo, ndipo alifue. Nilipokuwa mdogo nilidhani ile ndiyo harufu ya baba. Baba yeyote. Kumbe ni harufu ya mtu mwingine! Ptuu.

Jumatatu, 4 Machi

Kliniki na Baba asubuhi, kwa ajili ya kifua. Niliomba ruhusa kazini. Mwenye duka la miwani alinuna lakini akanipa. Daktari akamuuliza Baba amevuta sigara kwa muda gani. Hajawahi, Baba akasema. Daktari akanitazama mimi, ile ya hebu sema ukweli wewe. Nikamwambia ni dereva, na bosi wake anavuta ndani ya gari. Daktari akaacha kuandika. Akasema mapafu hayaulizi sigara kashika nani.

Baba akakasirika. Si kwa daktari — kwangu! Njia nzima: mambo ya Bosi si ya kumwaga kila mahali. Kufika nyumbani akakohoa mpaka akashika ukuta. Alipopata pumzi, akaenda moja kwa moja kukagua biri zake.

Jumatano, 6 Machi

Sasa imekuwa kesi. Biri zinakauka. Baba kaibonyeza moja, ikalia kama jani kavu. Anasema ofisini Bosi alikuwa na kisanduku maalumu cha mbao, kinachotunza unyevunyevu ndani, na biri zake zilikuwa laini mwaka mzima. Baba anataka kama kile.

Nikamuuliza, wa nini, Baba, na wewe huvuti?

"Bosi kasema atakuja kunitembelea. Nimkaribishe na nini, biskuti?"

Nikauma ulimi. Kaka yangu — tunamwita Profesa, maana hakuna asilolijua — akasema sanduku la nini, tia kwenye kopo la plastiki na kipande cha kiazi, zitalainika zenyewe. Baba akakubali. Shauri yao.

Ijumaa, 8 Machi

Kopo limefunguliwa. Lo! Kiazi kimetoa maji, biri mbili zimeota ukungu mweupe wenye manyoya. Manyoya! Harufu yake: soksi ya mvua, zizi, na dawa ya mende. Nilitoka mbio mkono mdomoni. Profesa akajitetea kwamba kiazi kilitoka sokoni kibovu. Mama akacheka mpaka akakaa chini.

Baba hakucheka. Alizitupa zile mbili, akaanza kuzifuta nyingine mojamoja kwa kitambaa cha miwani nilichomletea mimi. Uso wa mtu aliyefiwa. Nikasikia mdomo wangu ukisema: haya Baba, kesho twende tukachague sanduku. Sijui nani alinituma.

Jumamosi, 9 Machi

Duka la biri liko ghorofani, juu ya benki. Zulia mpaka mlangoni. Muuzaji ana shingo ndefu na tai fupi. Hasemi sanduku, anasema "hyumido", na anafumba macho anapolitamka. Akamtazama Baba viatuni, kisha: mzee, umetumwa na ofisi gani?

Nusura nimtemee mate. Baba akajibu kwa adabu zote kwamba ni lake mwenyewe, ndilo la kwanza.

Basi yakaletwa matatu. La kwanza linang'aa kama jeneza la tajiri, kifuniko cha kioo. Baba akalipenda papo hapo — la Bosi lilikuwa hivyohivyo. La pili limevikwa ngozi, ukilifungua gundi inakupiga puani. La tatu dogo, la mbao za mwerezi, halina mbwembwe, lina kipimo kidogo cha unyevu kama saa ya mkono. Nikamuuliza muuzaji, ungekuwa wewe, ungechukua lipi? Akajikuna shingo. Akachukua kipande cha karatasi, akakibana na kile kifuniko cha kioo, akavuta. Kikatoka kama kimepakwa mafuta. Kwenye lile dogo kikang'ang'ania. Akasema pakipita karatasi, unyevu unatoka wote. Angalau hapo hakudanganya.

Baba akalitazama la kioo kwa huzuni. "Bosi hatalidharau hili dogo?"

Bosi, Bosi, Bosi! Nikasema, Baba, Bosi atavuta biri, hatavuta sanduku. Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na muuzaji — huyu mtu! — akasogea nyuma, akafunika pua kwa tai yake. Mtu anayeuza moshi!

Bei siiandiki, kalamu itaona haya. Kushuka, nilibeba sanduku, na Baba akawa anasimama kila mara ngazini akijifanya anatazama picha za ukutani. Hazikuwepo picha.

Jumatatu, 11 Machi

Kumbe huwezi kuziingiza hivihivi. Mbao lazima zinyweshwe kwanza, la sivyo zitafyonza unyevu wa biri. Baba kanunua maji ya betri, yale safi yasiyo na chumvi, anapangusa ndani ya sanduku kwa kitambaa, anafunga, anasubiri, anachungulia kipimo. Kama nesi! Dawa yake ya kifua mimi ndiye ninayemkumbusha.

Kampigia Bosi. Katibu akasema yuko kikaoni.

Alhamisi, 14 Machi

Simu tena. Kikao tena. Kikao gani hicho, wanaumba dunia upya?

Biri zimeingia sandukuni. Laini, anasema Baba. Kanipa niibonyeze moja. Nimenawa mikono mara mbili na bado inanuka.

Jumapili, 17 Machi

Bosi yuko sebuleni! Naandika jikoni, nimesimama, daftari juu ya friji. Hakuja kwa ajili ya Baba — alikuja mtaa wa pili kutazama kiwanja, akakumbuka. Shikamoo nilimpa, haikunitoka vizuri.

Baba amevaa shati la kazini. Akaleta sanduku kwa mikono miwili, akalifungua mbele yake. Bosi akachungulia.

"Aa, hizi! Bado unazo?"

Akacheka. Akasema daktari alishamkataza tangu mwezi uliopita. Mapafu, alisema, si ya kuchezea. Kuzitupa akaona ni dhambi. "Nikajiuliza, nimpe nani? Nikakukumbuka wewe."

Hivyo hivyo! Huku anakoroga chai yangu! Nilishika ukingo wa mlango. Mama akabaki na sahani mkononi.

Baba akachagua moja, ile nene kuliko zote, akaikata ncha kwa kisu cha matunda.

"Mwanangu, niletee kiberiti."

Bosi akasema, lakini wewe huvuti! Baba akasema leo anavuta. Bosi akaanza kuinuka, eti basi yeye aende, moshi haumfai siku hizi.

"Kaa, Bosi. Hujamaliza chai."

Kwa upole uleule wa kumfungulia mlango wa gari. Na Bosi amekaa! Amekaa kweli, magoti pamoja, kama mtoto ofisini kwa mwalimu mkuu.

Kiberiti ninacho. Kifua cha Baba nakisikia mpaka huku, kinapiga filimbi. Profesa ananong'ona nisipeleke, nitamuua. Mama amesimama kando yangu, machozi yanamtoka, anasema peleka.

Baba anaita tena —