Namba ya Riziki

Jumatatu, 1 Septemba

Asubuhi nzima kwenye mistari ya kumbukumbu za programu. Umeme umekatika mara mbili, jenereta ikaunguruma, nikaendelea. Hapa maabara, jibu la damu likitoka kwenye mashine linaamsha programu ndogo iliyoko kwenye seva za kukodi, mbali huko. Programu inaishi sekunde mbili tatu. Inamtumia mgonjwa SMS, inakufa. Kinachobaki ni mstari iliouandika kabla ya kufa. Na mistari yenyewe ni takataka. "Erreur." "Erreur encore." Kosa gani, la jibu la nani, saa ngapi? Hakuna. Mwezi uliopita mama mmoja wa Mitwaba alingoja jibu la mtoto wake wiki mbili, na hatukujua hata lilipotelea wapi. Alikaa kwenye benchi akinitazama. Aibu ile siitaki tena.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimemaliza. Sasa kila mstari una vyumba vyake: saa, jina la programu, namba ya ombi, namba ya simu, kipimo, jibu, imefika au haikufika. Unaandika namba ya simu tu, unaona safari nzima. Jibu lenyewe nililiweka kwa ajili ya majaribio. Nikaona linasaidia, nikaliacha.

Madame Solange, mkuu wetu, amefurahi. Jafari wa meza ya pili amejaribu mara tatu, akapiga mluzi. Huyo ndiye anayemwoa mdogo wangu Riziki. Mimi niliwakutanisha. Leo nimejisifu. Nani mwingine atanisifu?

Jumanne, 9 Septemba

Riziki amekuja kutolewa damu. Kipimo cha kabla ya ndoa, kile cha selimundu, AA au AS. Jafari ni AS, alituambia wazi tangu mwanzo. AS si ugonjwa. Lakini AS wawili wakizaa, mtoto anaweza kuwa SS, na watoto wale tumewaona wakilia kwa maumivu ya mifupa. Riziki alikuwa anacheka na muuguzi. Nikamshika mkono. Baridi.

Ijumaa, 12 Septemba

Mtandao wa simu unalegalega tangu jana. SMS nyingi hazijafika. Riziki amenipigia kuuliza. Nikamjibu sitazami majibu ya watu, angoje SMS yake kama wengine. Nilisema kwa kiburi kidogo.

Jumapili, 14 Septemba

Shangazi yake Jafari amekuja nyumbani na wanaume wawili. Mama akawapa chai. Hawakuigusa.

"Mama Zaina," shangazi akasema, "bantu bakubwa habazunguke. Mutoto wenu iko AS, wetu iko AS. Damu yabo haipatane. Tunasimamisha."

Riziki alikuwa mlangoni na sinia ya mandazi. Jibu lake alikuwa hajalipata. Amelisikia pale, mbele ya wageni, kwa kinywa cha mwanamke ambaye juzi tu alikuwa anamwita "binti yangu". Akaweka sinia chini taratibu. Akauliza nani aliwaambia. Shangazi akatazama zulia.

Mimi nilijua kabla hajamaliza kuuliza. Ni mistari yangu.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimefungua. Mstari wake upo. Alhamisi, SMS haikufika, imejaribiwa mara nne. Jibu: AS. Wazi kama kibao cha duka. Na kutafuta nako kunaandikwa: Jafari, Ijumaa, saa nne asubuhi, namba ya mdogo wangu.

Nikamwita Jafari uani.

"Riziki alinambia SMS haifike," akasema. "Mi nilitafuta tu kujua kama ilifika."

"Na shangazi yako?"

"Nilishaona, Zaina. Muntu akishaona, atafanya sawa hakuone?"

"Ungeambia Riziki kwanza."

Kisha akasema: "We mwenyewe njo uliweka jibu pale."

Namchukia. Namchukia zaidi kwa maneno yale ya mwisho, kwa sababu ni kweli.

Saa sita mchana mtandao umetulia. Programu ikaamka tena, SMS ikamfikia Riziki. Siku moja baada ya shangazi. Mstari umeandika: imefika.

Jumanne, 16 Septemba

Nimeondoa. Namba ya simu inaonyesha tarakimu mbili za mwisho tu. Jibu halipo kabisa. Anayetaka kufuatilia atumie namba ya ombi, inatosha. Tangu siku ya kwanza ilikuwa inatosha. Kazi ya saa moja. Saa moja!

Mistari ya zamani lazima ifutwe, ina damu ya watu wengi mno. Lakini nikiifuta, kosa langu linafutika nayo. Kwa hiyo nimeandika barua kwanza, nikaeleza nilichoweka, nani alitafuta, nini kilitokea. Madame Solange ameisoma wima.

"Zaina, ile ni mambo ya ndoa. Futa, tuendelee. Nani atajua?"

Nikamwambia kila aliyepimwa tangu tarehe tano ana haki ya kuambiwa. Akaniuliza kama nataka tufunge maabara. Woga ukanishinda. Nimefuta mistari. Akanirudishia barua, nimekataa kuichukua.

Wagonjwa hawataambiwa. Naandika hapa ili pawe na mahali palipoandikwa.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimemwambia Riziki. Alikuwa jikoni anachambua lengalenga. Nimesema yote bila kuzunguka: ni mimi niliyeliweka jibu mahali pa kuonekana, Jafari alilikuta. Aliendelea kuchambua mpaka mboga ikaisha.

"Ni miye njo nilipashwa kumwambia Jafari," akasema. "Pengine tungeachana. Pengine hapana. Lakini ni miye."

Hakulia. Akachukua bakuli akatoka. Hajanisemesha tena.

Jumatano, 24 Septemba

Barua za onyo zimetoka. Yangu na ya Jafari. Maneno yaleyale, jina tu ndilo limebadilishwa. Yeye aliyetafuta na mimi niliyemwekea, sawasawa. Bado anakaa meza ya pili. Asubuhi anasema bonjour. Najibu.

Wanawake wa usafi wanasema familia yake imeshaona msichana mwingine, wa Sakania, na safari hii wameanza na kipimo. Kisha mmoja akaniuliza kwa huruma hali ya "ule mudogo wako wa AS". Kwa huruma! Jengo zima linajua. Hilo sina pa kulifuta.

Nyumbani, Mama anatupakulia bukari, ugali wa kwetu, kila mtu sahani yake, si sinia moja tena.

Jumapili, 28 Septemba

Joto. Riziki ameingia chumbani kwangu asubuhi na kitana na mafuta. Akaketi kitandani, akanionyesha sakafu kwa kidole. Nikakaa kati ya magoti yake.

Amenisuka tangu saa tatu mpaka saa saba. Alikuwa anavuta kwa nguvu kuliko kawaida yake, kichwa kizima kinawaka moto.

Sikulalamika.