Vigingi Vyekundu vya Mhezi

Mhezi, 4 Februari 1952

Mdogo wangu Lukasi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mafua yamenishika tangu ukungu wa mlima Shengena uliposhuka, lakini jembe bado nalishika. Wapwa zako wote wazima.

Juma lililopita nilikwenda kanisani Chome. Niliporudi nikakuta vigingi vyekundu vimezunguka shamba lote aliloniachia marehemu shemeji yako. Jumbe ananiambia Bwana Shamba amepima akaona mteremko umezidi, kwa hiyo nisilime tena, na nikilima nitafungwa. Nikamwuliza umezidi nini. Hajui.

Nimeambiwa wewe ndiye uliyeshika fimbo ya kupimia, ukaondoka bila kunisubiri. Hilo tutaliongea siku nyingine. Leo nataka kujua mteremko ni nini. Sitaacha shamba linalowalisha wanangu kwa sababu ya neno nisilolielewa.

Dada yako,
Hedwiga


Same, 17 Februari 1952

Dada Hedwiga,

Shikamoo. Natumaini mafua yamekuacha. Huku chini joto ni kali na vumbi halituachi, ila afya ninayo.

Dada, mteremko si urefu wa kilima. Fikiria ngazi ya kupandia darini. Ukiisimamisha karibu na ukuta, inapanda kwa ukali. Ukivuta mguu wake nyuma, inalala. Ngazi ni ileile, ila mteremko umepungua. Au fikiria safari ya kutoka Hedaru kuja kwetu. Wabeba mizigo hukata moja kwa moja, nayo njia ya punda huzunguka. Wote wanafika juu palepale, lakini punda amekwenda mbele zaidi kwa kila hatua ya kupanda, ndiyo maana hahemi kama wao.

Hesabu yake ni hii: chukua kule kupanda, ugawe kwa kule kwenda mbele. Kwenda mbele hupimwa kwa usawa, si kwa kufuata mgongo wa ardhi. Funga kamba kwenye kigingi cha juu, pale kinapogusa ardhi, uivute hadi kwenye mti ulioshikwa wima upande wa chini. Laza juu ya kamba chupa yenye maji nusu. Maji yakitulia sawa, kamba iko sawa. Kisha, pale kwenye mti, pima kutoka kamba hadi ardhini. Kamba ikiwa mikono minane na kushuka mikono miwili, mbili kwa nane ni robo. Amri inasema shamba likizidi robo lisilimwe.

Sasa umeelewa. Nakuomba utii, dada. Kazi hii ndiyo inayoniweka mjini.

Mdogo wako,
Lukasi


Mhezi, 3 Machi 1952

Lukasi,

Marahaba. Mafua yamekwisha na mvua imeanza.

Nimepima. Jirani yangu Esta alishika mti, mimi nikavuta kamba, na chupa ilikuwa ya mafuta ya taa. Juu, karibu na migomba, kamba mikono minane, kushuka mkono mmoja na nusu. Katikati, pale penye maharage, haikufika hata mkono mmoja na nusu. Tukashuka hadi kwenye ukingo wa kijito, pale ninapokata majani ya mbuzi. Hapo tulipata mikono minne. Nusu nzima.

Kamba iliyonyooka ina mteremko mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Kilima si kamba. Hapa kinalala, pale kinasimama. Basi niambie, mdogo wangu: ile fimbo uliisimamisha wapi?

Vigingi nimeving'oa vyote nikavipanga kando ya njia, waje wavichukue. Sikuvichoma, kuni ninazo. Jana nimepanda mahindi. Ukingo wa kijito nimeuacha na majani yake, kama ulivyokuwa siku zote.

Dada yako,
Hedwiga


Same, 22 Machi 1952

Dada,

Shikamoo. Mwili mzima, moyo ndio umechoka.

Niliisimamisha kwenye ukingo. Ilikuwa imenyesha, njia inateleza, na Bwana Shamba hakutaka kupanda. Alipima pale chini tu, akaandika kuwa ni shamba lote. Mimi nilinyamaza, na kukusubiri sikuweza, maana ningekutazamaje?

Jumatatu aliniita. Alisema utashitakiwa barazani Chome, akanipa karatasi niweke sahihi kwamba kipimo ni cha shamba lote. Nikamwambia, "Hicho ni kipimo cha ukingo, bwana. Dada yangu halimi ukingo." Akauliza nani amenifundisha kujibu. Nikasema hakuna. Akanifukuza kazi palepale.

Sasa nalala kwa rafiki yangu Zebedayo. Nyumbani naona aibu kurudi.

Lukasi


Mhezi, 27 Aprili 1952

Mdogo wangu mpendwa,

Marahaba, tena marahaba. Barua yako ilinikuta siku ya kwenda Chome. Niliisoma njiani, nikamsomea na Esta.

Barazani niliomba jambo moja tu: twende shambani, wapime mahali ninapolima. Bwana Shamba akasema amri haijadiliwi. Nikasema, "Basi nitalima." Nikawekwa mahabusu juma zima. Walidhani magugu yatamaliza mahindi. Esta na wanawake wa mtaa wote wakaingia na majembe, mchana kweupe, wakapalilia hadi ukingo unapoanzia. Jumbe alifika, akawahesabu, akaona mahabusu haitawatosha, akaenda zake.

Nimetoka. Hawajanifutia kesi, na vigingi wameviweka upya. Nimeving'oa tena. Maharage yanatoa maua, nayo magugu yameanza upande wa migomba.

Aibu ya nini? Ulisema ulilopaswa kusema, kwa mtu uliyemwogopa. Panda lori hadi Hedaru, kisha fuata njia ya punda. Ukiulizwa unakwenda wapi, usijifiche. Sema unakwenda Mhezi kulima kwa dada yako.

Hedwiga