Mguu wa Kocha

Jumatatu, 4 Machi

Mafunzo ya vidonda sugu yameanza. Madaktari wazima wa utengamao, sisi wa kurudisha watu kwenye miguu yao, wengine na mvi zao, tumegawiwa machungwa na visu! Eti tukwangue ganda, kama ngozi iliyokufa, bila kutoboa nyama. Langu likachuruzika mpaka kwenye saa. Mwalimu wetu, bingwa wa vidonda, akatoa pole kwa familia ya marehemu. Mbavu zangu!

Jumatano, 6 Machi

Nimepewa mgonjwa: Kocha. Kafundisha mpira miaka nenda rudi, sasa ana kidonda cha sukari kwenye unyayo. Daktari wa upasuaji anataka kukata mguu. Ametupa muda hadi tarehe kumi na nane. Kidonda kisipopungua, basi. Kocha akanishika mkono: mwanangu, usiwaachie. Nimemsafisha kidonda, nimemfunga bendeji vizuri, kisha nikamtembeza wodini, wenzake wakipiga makofi. Nimerudi nyumbani naimba.

Jumatatu, 11 Machi

Kidonda kimepanuka! Mwalimu akauliza nimemfanya nini. Nikajitapa: namtembeza kila siku. Akashika kiuno. Nyinyi watu wa utengamao, mkiona mtu amekaa mnawashwa!

Loo. Kweli tupu. Kazi yangu yote ni simama, piga hatua, tena. Na kila hatua ilikuwa inakisaga kidonda, na Kocha hasikii maumivu kwa ganzi ya sukari. Nimelia jikoni. Mume wangu akasema machozi hayatibu mguu, yanatia chumvi mchuzi tu. Mjinga huyu! Nikacheka.

Jumanne, 12 Machi

Nimemwomba Kocha radhi, nikamletea kiti cha magurudumu. Akakataa katakata — yeye si mzigo! Nikamuuliza: mchezaji wako akiumia? Anakaa benchi. Akibembeleza kuingia? Namfokea! Akanikodolea macho. Akakaa, huku ananiita mkorofi.

Jumamosi, 16 Machi

Kocha anaongoza mazoezi ya mikono akiwa kitini. Babu wa kitanda cha dirishani anatoka jasho! Kidonda kina wekundu mzuri wa nyama mpya. Sisemi kitu, nisije nikaleta mkosi.

Jumatatu, 18 Machi

Naandika nimesimama wodini. Nimefungua bendeji mbele ya daktari wa upasuaji, nikapima. Kimepungua — si sana, lakini kimepungua! Akaguna tu. Ametoka na Mwalimu, wanabishana nje ya mlango. Namsikia Mwalimu akiomba wiki mbili zaidi. Kocha akashika mikono ya kiti ajiinue. Habari kama hii, eti, mwanamume huipokea amesimama. Nikamkandamiza mabega. Kaa! Nimepaza sauti mpaka nesi akageuka. Mimi huyu, kumwambia mtu akae! Amekaa. Kang'ang'ania koti langu haliachii. Kitasa kinazunguka —