Redio Chini ya Kiti cha Mwalimu

Mjukuu wangu Kiprono,

Huku Eldoret tu wazima. Nyanya yako amemaliza kuvuna viazi na anakusalimu sana. Umeniuliza kama unaweza kuficha redio ya kisasa kwenye ile gari ya zamani niliyokupa.

Nilipokuwa fundi, enzi za chama kimoja, Mwalimu Koech wa Ainabkoi alirithi gari ya baba yake. Alitaka redio ya kaseti lakini dashibodi isikatwe, kwa hivyo nikaificha chini ya kiti. Tulikuwa tukienda nayo Nakuru polisi walipotusimamisha Timboroa. Kisigino changu kikagusa swichi, na kwaya ikaanza kuimba chini yetu. Askari aliruka nyuma, akanielekezea bunduki kifuani.

"Mnaongea na nani huko ndani?"

"Ni nyimbo za kanisa tu, afande," Mwalimu alisema.

Walidhani ni mtambo wa siri wa wapinzani, wakatupeleka kituoni; ya huko siyasimulii. Tulipoachiliwa siku ya tatu, Mwalimu aliniambia, "Kata dashibodi. Weka redio mahali kila mtu ataiona."

Hapo nilishtuka kuliko nilivyoshtuka mbele ya bunduki. Nilikata, naye akageukia ukuta asione.

Enzi hizo zimepita; wewe ficha yako bila woga. Ukimaliza, nipigie simu uniwekee wimbo unaoupenda.

Babu yako