Mwali Aliyebaki Chumbani

Kilakala, 2 Juni 2024

Shikamoo mama,

Mimi mzima. Kifua chako kinaendeleaje?

Nimeanza kwenda kwa mshauri, dada mmoja anaitwa Joyce. Kwanza tunaketi mkekani na kuvuta pumzi, mambo ya yoga. Anasema jambo likirudiwa huchimba mfereji akilini, kama mvua kwenye shamba la mteremko. Baadaye kila kitu hupita humo humo. Kisha huniuliza: ndani yako, nani anakuzuia kusema? Nikamwona, mama. Ni mimi wa miaka kumi na mitatu, kwenye kile chumba mlichonifungia nilipovunja ungo, macho chini. Bosi akinitukana, huyo mtoto ndiye anayeniziba mdomo.

Nasikia mdogo wangu Upendo naye amevunja ungo. Yule ni mcheshi, darasani anajibu. Usimfungie. Mlete kwangu likizo hii.

Mwanao,
Paskalia

Kinole, 15 Juni 2024

Marahaba mwanangu,

Kifua bado, baridi ya huku unaijua.

Kumbe mjini kupumua kunafundishwa! Na hao wanaokaa ndani ya mtu, huku tunawaita mapepo. Wewe uliwekwa mwali ukatoka na adabu, hadi kazi umepata. Mjomba wako Severin ameshasema, na kwa watoto wa ukoo wetu mwenye neno ni yeye. Upendo ameingia chumbani jana. Alilia, akakuita wewe. Atatoka shule ikifunguliwa.

Mama yako

Kilakala, 20 Juni 2024

Shikamoo mama,

Nilimpigia mjomba nimwambie amtoe. Akapokea: "Enhe, unasemaje?" Nikasema, "Shikamoo mjomba, nilikuwa nasalimia tu."

Mwambie wewe, mama. Nakuomba.

Paskalia

Kinole, 28 Julai 2024

Marahaba mwanangu,

Sisi wazima.

Mwali tulimtoa kwa ngoma. Alicheza vizuri, macho chini, wanawake wakamsifu. Kesho yake nikampa sare ya shule. Akaikunja, akarudi chumbani. Mlango uko wazi mchana kutwa. Nikimwita anaitika, "Abee mama," lakini hatoki. Wenzake wameshaanza masomo. Mjomba anasema ni adabu imezidi, itapungua yenyewe.

Muulize huyo Joyce, mtu wa namna hii huambiwa nini?

Na wewe, siku ile tulikutoaje chumbani? Najaribu kukumbuka, sikumbuki.

Mama yako