Tawi la Baba na Tumbili wa Hifadhini

Hlabisa,
14 Oktoba 2018.

Mpendwa Kaka Bhekumuzi,

Hujambo huko Kimberley? Kifua kinaendeleaje na vumbi la mgodini? Sisi miili yetu ni mizima, mvua imenyesha, ng'ombe wameshiba. Vichwa ndivyo vibovu, kaka, changu hasa.

Jumamosi ya tarehe 6 tulikwenda ile hifadhi ya pwani kuichukua roho ya Baba kwenye ziwa alimozama akivua. Kwa kuwa wewe mkubwa hukupata ruhusa kazini, nilipewa mimi tawi la mphafa, ule mti wa kubebea roho. Unajua mwenyewe: mshika tawi hasemi na mtu, husema na marehemu tu mpaka amfikishe nyumbani. Na Mama ameapa havui nguo nyeusi kabla Baba hajaingia ndani.

Baba mdogo Mfanafuthi akasema, maadamu tumelipa getini, watoto nao wafaidi. Basi wakatazama viboko, wakafukuzana mchangani, Dada Thandekile akachoma nyama. Mimi nilikwishamwita Baba pale majini aingie tawini, nimekaa na tawi mapajani namsimulia, "Baba, hawa wanakula soseji tu. Wewe ungekuwa umeshatupa ndoana."

Mara tumbili huyo! Alifuata mkate, akanyakua tawi, akaparamia mti. Nami siruhusiwi kuita mtu! Nikapayuka, "Baba, shikilia! Baba, usikubali!" Wageni wengine wakacheka mbavu ziwaume. Tumbili akaonja jani, likamshinda, akalitupa tawi ziwani katikati ya viboko.

Hapo ndipo tulipochanganyikiwa. Baba mdogo akasema, "Tukate lingine, twende zetu."

"Ukate hapa ufungwe!" Dada akamjia juu. "Halafu umwite mara ya pili, kwani yeye mtoto mkaidi?"

Mmoja anasema Baba alishuka tawini mapema, yuko nami garini, mwingine anasema amerudi majini, alipenda kuvua kuliko sisi. Njia nzima nilimtajia Baba mito na vilima, nisijue kama yupo. Mama alikuwa akitusubiri langoni. Alitazama mikono yangu, akaingia ndani.

Sasa hakuna anayejua kama safari imekwisha, kwa hiyo hakuna aliyeniruhusu kusema. Simu zako ndiyo maana sizipokei. Uamue wewe: turudi na tawi jipya, au Baba ameshafika, Mama avue nyeusi.

Ila sikia na hili kwanza. Juzi Mama alinikuta nikipukuchua mahindi, akaketi. "Wewe unayesema naye," akaniambia, "mwambie siku ile aliyozama sikumfungia chakula kwa hasira tu. Sikumchukia." Nikamwambia Baba. Jana akarudi: "Hajajibu? Kawaida yake! Basi mwambie na hili..." Tangu mazishi hakuwahi kumtaja, kaka, na sasa anakuja kila siku, tena anacheka. Ukisema safari imekwisha, atamtuma nani? Mimi sielewi tena nikuombe nini.

Msalimie shemeji MaNgubane, na Lwandle umbusu. Wazee wetu wakulinde chini ya ardhi na juu yake. Naishia hapa, Mama huyo anakuja na mkeka wake.

Wako akupendaye, mdogo wako,
Nhlakanipho