Kiuno cha mama mkwe

Shoga, nimekwisha!

Ile programu ninayohifadhia vipimo vya wateja leo imemtumia kila mtu kadi yake. Pamoja na maneno yangu ya pembeni!

Mama mkwe kapata hii: “Kiuno inchi 44. Mwambie 40, asije akanuna.”

Asije akanuna! Nimeandika kwa mkono wangu!

Wenye programu wananijibu eti nilibonyeza “Nakubali”, nikawaruhusu watumie namba zote za simuni. Nilibonyeza, ndiyo. Nani asome kurasa thelathini na cherehani inamsubiri? Na kufuta hakuna.

Nimejifungia stoo. Mama mkwe yuko dukani, katikati ya wateja, kashika futi yangu.

“Toka unipime upya, mkwe. Na usome kwa sauti.”